Mapafu ya Moïse

Moïse alikufa kwa ugonjwa wa kifua, mwaka wa tatu tangu yeye na mkewe wavuke mpaka kutoka Uvira. Pascaline alibaki na mfuko wa vichupa vya dawa ya sindano alizodungwa mumewe. Majirani wa mtaa wao, Carama, walimwambia avitupe. Hakuvitupa.

Pascaline alikijua kioo. Baba yake alikuwa fundi wa mirija ya maabara huko Bukavu, na alimfundisha kukiyeyusha kwa moto wa gesi na kukipuliza kwa mdomo polepole. Miezi michache baada ya msiba alivichemsha vile vichupa, akaviunganisha kimoja kimoja, akavipuliza mpaka vikawa mapafu mawili, kila moja la kujaa kiganja. Vioo vya viwanda mbalimbali havishikani vizuri. Pafu la kushoto lilipasuka mara nne likipoa kwenye majivu. Mara ya tano lilikaa, lakini na ufa mwembamba.

“Mukristu gani anatengeneza viungo vya mufu?” jirani mmoja aliuliza, na toka siku hiyo hakuingia tena kwake.

Aliyeyapenda ni Bi Thuwaiba, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Buyenzi, ambaye Pascaline alimshonea mapazia. Aliyashika kwa mikono miwili.

“Subhanallah. Peleka kwa maonyesho ya sanaa ya mwaka huu, dada yangu. Usiogope.”

Mwenyekiti wa wachaguzi alikuwa Mwalimu Jérémie, mzee aliyefundisha uchoraji miaka mingi. Aliyageuza mapafu kwenye mwanga wa dirisha huku Pascaline akimweleza vichupa vilikuwa vya nani.

“Mama Pascaline, kupuliza kioo kuna tanuru, kuna bomba refu. Hii ni kuunga-unga vichupa vya hospitali. Tutaiweka kwa meza ya artizana, ya kazi za mikono, pamoja na vikapu.”

“Apana, Mwalimu. Mutu akichora na makaa ya jikoni, utamwambia si picha juu hakununua rangi? Umbo, ni mi nililichagua. Pumzi ni yangu. Hata ufa niliuona, nikauacha.”

“Sawa. Lakini ukiondoa habari ya bwana yako, kunabaki nini? Uchungu wako nauona. Sanaa, bado.”

Pascaline aliyafunga mapafu kwenye kitenge, akaondoka.

Bi Thuwaiba alikasirika. “Ungekubali hata hiyo meza!”

“Pengine anasema kweli,” Pascaline alijibu. “Hiyo njo inaniuma.”

Kwa wiki nzima hakugusa moto. Kisha akaomba vichupa kwa muuguzi mmoja wa mtaa wa Ngagara, vya wagonjwa asiowajua, akavichambua, akaunganisha vinavyofanana tu. Mapafu haya yalitoka safi, bila ufa, mepesi kuliko ya kwanza. Aliyapeleka bila kueleza neno. Mwalimu Jérémie aliyazunguka mara mbili, akawaita wenzake. Yakakubaliwa, yakawekwa ukumbini, chini ya taa ya peke yake.

Siku ya ufunguzi Bi Thuwaiba alifika na binti zake, wote wamevaa vizuri, akimwonyesha kila mtu jina la Pascaline ukutani. Pascaline alisimama kando. Mama mmoja mgeni alimsogelea.

“Ni mapafu ya nani haya?”

“Si ya mutu,” alijibu. Aliona kama amemficha Moïse chini ya kitanda ili yeye apate kuingia pale.

Alimkuta Mwalimu Jérémie mlangoni.

“Mwalimu, hii mulichukua, njo hii mi naona haina kitu. Mwaka ujao naleta ile ya kwanza.”

“Nitakuuliza swali lilelile.”

“Najua.”

“Na utanijibu nini?”

Pascaline aliangalia watu waliokuwa wakipiga picha ndani.

“Sijui bado,” alisema. “Lakini nitaileta.”