Namna ya Kumtoroka Mtoto

Yaya alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia kwenye kulea watoto wa watu. Wa kwake wawili walilelewa na dada yake mkubwa, kwa sababu kazi hii ndivyo ilivyo: unamwacha wako kwa ndugu ili ukambebe wa mwingine. Hapa halaumiwi mtu, ingawa wa kulaumiwa wapo.

Ufundi wake mkubwa ulikuwa kumzuga mtoto. Asubuhi, mama mwenye nyumba anapotaka kutoka kwenda kazini, mtoto humganda sketi kama kupe. Basi Yaya hujaza beseni maji ya vuguvugu, akamimina sabuni, akalichapa povu kwa mkono mpaka likapanda na kufurika. Mtoto akishazamisha mikono humo, hasikii mlango wala gari. Mama anatoka kwa kunyata, na Yaya anampungia mkono nyuma ya kisogo cha mtoto. Miaka minne na nusu hakuwahi kushindwa hata siku moja.

Mtoto mwenyewe walimwita Bosi, kwa jinsi alivyopenda kutoa amri. Wazazi wake walikuwa wageni, baba akiwa na mkataba wa kampuni, lakini yeye alizaliwa hapahapa na lugha aliinyonya kwa Yaya, matusi madogo madogo yakiwemo. Sasa mkataba umeisha na familia inahamia nchi nyingine. Kabla ya kuondoka waliamua kuaga, na kuaga kwao hakukuwa kwa mzaha: sherehe tatu ndani ya wiki mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya watu wa ofisini. Yaya alipitisha vinywaji kwa sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Baba alitoa hotuba, na alipofika katikati akamshika Yaya bega. "Huyu si mfanyakazi," alisema. "Huyu ni mmoja wetu." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Yaya alitabasamu na sinia lake mkononi, maana mtu akipigiwa makofi afanye nini kingine? Mmoja wao alikuwa kweli, ila tiketi zilikuwa tatu.

Ya pili ilikuwa ya majirani. Siku hiyo Bosi alizunguka kwa kila mgeni akitangaza habari zake. "Yaya atakaa dirishani kwenye ndege," alisema. "Anaogopa, lakini mimi nitamshika mkono." Wageni walicheka. Mama yake naye alicheka, kisha akabadilisha mazungumzo haraka. Yaya alikuwa jikoni anasuuza glasi na alisikia kila neno.

Kesho yake alimkuta mama wa Bosi anabandika karatasi kwenye samani, hii ya kuuza, hii ya kusafirisha.

"Mama, nilikuwa na neno."

"Sema, Yaya."

"Mtoto anadhani nasafiri nanyi. Naomba nimuage mwenyewe. Nikae naye chini, nimweleze taratibu. Ataelewa."

"Atalia."

"Ndiyo, atalia. Halafu atanyamaza."

Mama alibandika karatasi nyingine mgongoni mwa kiti. "Mambo haya nimeyasoma, Yaya. Kuagana kunamtia mtoto hofu. Afadhali asijue siku yenyewe. Akifika kule, shule mpya, marafiki wapya, atasahau." Alisema bila ubaya wowote, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. "Jumamosi ni sherehe ya watoto. Ikifika saa kumi wewe toka kimyakimya, na usiku huo sisi tunahamia hotelini. Nifundishe tu lile povu lako."

Yaya alikuwa na la kujibu. Binti yake wa kwanza alimwacha akiwa na miaka mitatu, alfajiri, amelala fofofo. Aliona ni huruma. Mama mkubwa wake alisimulia baadaye kwamba kwa karibu mwaka mzima mtoto yule alikataa kulala. Alisinzia ameketi, jicho mlangoni. Leo ni mama wa watoto wake mwenyewe, na bado wakikwaruzana na Yaya, hata kama ugomvi umeanza kwenye chumvi, huishia palepale: "Uliniacha nimelala." Yaya aliapa hatarudia kwa mtoto yeyote, na kwa watoto wa nyumba zote zilizofuata alitimiza.

Lakini Bosi alikuwa na mama yake, na mama ameshasema. Yaya akakunja mikono ya sare, akamfundisha: maji yasiwe baridi, sabuni iwe ya kutosha, mkono upige kwa kasi. Mama aliandika kwenye kijitabu.

Jumamosi nyumba ilikuwa imebaki kuta na maputo, watoto wakikimbizana sebuleni kwa mwangwi. Saa kumi ilipokaribia, mama alileta beseni uani. Povu likagoma. Alichapa, akachapa tena, likabaki maji machafu tu, na Bosi akaanza kugeuza shingo kutafuta watu. Mkono wa Yaya ulitangulia kabla ya akili yake. Aliinama, akalipiga mara tatu nne kama alivyozoea, povu likapanda, na Bosi akazama humo na wenzake wakipiga kelele. Yaya alikitazama kisogo chake. Kisha akapitia mlango wa jikoni, akabeba mfuko wake na kutoka getini na mikono iliyolowa.

Nje alijiwekea sharti: Bosi akilia, narudi, liwalo na liwe. Mlinzi wa geti akampisha kwenye kiti chake.

"Umesahau kitu, mama?"

"Hapana. Acha nipumzike kidogo."

Ndani watoto walicheza muda mrefu. Mwishowe sauti aliyoijua ikavuka ukuta. "Yaya yuko wapi?"

Yaya alisimama, mfuko begani.

"Ameenda dukani," mama wa Bosi alijibu. "Anarudi."

Yaya alijua jinsi Bosi anavyovuta pumzi kabla ya kilio, akaisubiri pumzi hiyo. Haikuja.

"Basi mwekeeni keki yake," Bosi aliamuru. "Ile ya pembeni, yenye sukari nyingi. Na mtu asikalie kiti chake."

Kilio alikuwa amejiandaa nacho. Kuaminiwa namna hii hakujiandaa nako, na aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Miguu ilikataa kwenda mbele, ikakataa kurudi.

"Nikufungulie uingie?" mlinzi aliuliza, mkono kwenye komeo.

"Usifungue," alisema Yaya. "Akija kukuuliza wewe, mwambie umeniona naenda dukani."

Akaelekea kituoni kwa haraka, kabla hawajakata keki.