Mafuta ya Cherehani

Kila nikifungua kichupa cha mafuta ya cherehani, harufu yake hunirudisha chini ya kitanda cha Bibi, mjini Nizwa, siku ya harusi ya ami yangu.

Bibi alikuja Oman kutoka Unguja baada ya Mapinduzi, na wanawe, bila Babu. Sisi wajukuu tuliambiwa Babu alibaki.

Siku ile Baba alichukua mafuta ya cherehani ya Bibi bila kumwambia, akaipaka bunduki yake mpaka ikang'aa. Ilikuwa kuukuu, ya Waingereza, ya wakati wa vita vyao. Kwenye kitako chake cha mti askari fulani alichonga herufi mbili kwa kisu. Baba aliinunua soko la Ijumaa, maana wenyeji walikuwa wakimwita Mzinjibari, yaani mtu wa Zanzibar, si mwenzao, na mwanamme wa pale haendi harusini bila silaha.

Adhuhuri wanaume wakaanza kupiga risasi hewani kwa furaha. Bibi akanivuta mimi na dada yangu chini ya kitanda, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye hina mbichi.

"Nyamazeni, wanangu. Watasikia."

"Bibi, ni harusi," dada alisema.

Mlango ukafunguliwa. Niliona miguu ya Baba na kitako cha bunduki. Alikuwa akicheka, amekuja kutuita tukale. Chumba kizima kikanuka mafuta.

"Hamna mwanamme humu, baba," Bibi akasema, kwa sauti ya unyonge ambayo sijapata kuisikia tena. "Wenzenu wameshamchukua."

Baba akaacha kucheka.

"Mama, ni mimi."

"Basi tuachieni hawa watoto," akasema Bibi.