Nafasi ya Shinani

Fanueli alikuwa amechoka, na si kuchoka kwa jana wala juzi. Miaka ishirini na mitatu ameongoza genge la kupakia magogo ya paini kule Shume, na kwa desturi yao kiongozi ndiye anayebeba shinani, upande mnene wa gogo. Wenzake hujipanga nyuma yake mpaka nchani kwenye wepesi. Ukubwa jalala, ndugu yangu! Mgongo ulishamwambia imetosha. Daktari naye alimwambia. Wote wawili aliwapuuza, maana aliogopa: kiongozi akishaondoka shinani watu humhesabu amekwisha, na aliyekwisha haitwi asubuhi lori likija.

Starehe yake ilikuwa moja tu, gemu ya mpira kwenye simu. Si ile ya kukimbiza mpira kwa vidole, hapana. Hii wewe ni kocha: unapanga kikosi, unachagua mfumo, halafu unakaa unatazama vijana wakikuaibisha. Bintiye Jenipher ndiye aliyemwekea. Fanueli akawapa wachezaji wote majina ya watu wa genge lake, na beki wa kati, nahodha, akampa jina lake mwenyewe. Kwani ungempa nani?

Jumatano hiyo ilikuwa fainali, dhidi ya timu ya Yassin, dereva wa lori, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko tela lake. Saa kumi jioni, kazi imekwisha, genge zima likapanda juu ya rundo la mbao, maana ndipo mtandao unaposhika. Fanueli akaweka mabeki watano, kwa kuwa Yassin hupenda kushambulia pembeni. Kisha akapitia nguvu za wachezaji mmoja mmoja. Kijani, kijani, njano. Alipofika kwenye jina lake akakuta nyekundu, asilimia thelathini na moja.

"Huyo akicheza leo anaumia," akasema Timotheo. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, mabega mapana, na kwenye gogo ndiye wa pili siku zote.

"Thubutu! Fanueli akae benchi?" Yassin akadakia. "Mwacheni mzee afe na jezi yake."

Wote wakacheka isipokuwa Fanueli. Aliitazama ile alama nyekundu mpaka macho yakamuuma. Wenzake wakiwa wekundu huwapumzisha upesi, bila hata kufikiri. Mungu wangu, kwa nini huyu mmoja amemchezesha mechi zote? Akabonyeza. Fanueli wa kwenye simu akatoka, Timotheo akaingia kwenye nafasi yake, na unahodha akapewa yeye.

Walishinda moja bila. Genge likamrukia, likamwita kocha, hata Yassin akampa mkono. Fanueli alitabasamu, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani jambo moja lilimkereketa: wameshinda bila yeye. Usiku mkewe Yusta akamkanda mgongo kwa maji ya moto.

Asubuhi lori lilifika ukungu ukiwa bado mzito. Fanueli akakunja mikono ya sweta, akaenda kwenye gogo la kwanza. Akamkuta Timotheo ameshainama shinani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toka hapo."

"Sitoki, mzee." Timotheo hakuinua macho. "Jana ulinipanga wewe mwenyewe, mbele ya watu wote."

Safari hii hakucheka mtu, hata Yassin. Fanueli alishikwa na hasira, kisha aibu, kisha uchovu wote ambao hakuwahi kuuruhusu. Akawatazama wenzake. Hakuna aliyemwangalia kama mtu aliyekwisha. Walikuwa wameshainama kwenye nafasi zao, wanamsubiri atoe amri kama kila siku. Akatembea taratibu pembeni ya gogo, akawapita wote, mpaka nchani. Akainama, akaweka bega.

"Haya, inueni," akasema, na gogo likapanda, jepesi mno begani mwake hata machozi yakamtoka.