Moyo wa Tatu

Akiteng aliingia kliniki ya kijijini Mella saa nne asubuhi, mkono tumboni. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake, Aanyu, na chupa ya uji.

"Sista, mtoto hajacheza toka jana mchana."

"Uvivu wa ukoo," Aanyu akadakia. "Baba yake naye tunamwamsha kwa maji."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Elinah, mkunga, alimlaza Akiteng, akasimamisha pembe ya mbao ya kusikilizia juu ya tumbo na kuinamisha sikio. Du, du, du. Ulimi ukamwasha kusema, "Yupo."

Akalimeza neno. Zamani, katika kituo alichoanzia kazi, aliwahi kulisema neno hilo upesi, kumbe alichosikia ni damu yake mwenyewe ikigonga sikioni, kwa jinsi alivyotaka kusikia. Mama yule alirudi nyumbani akiimba. Siku ya tatu alizaa mtoto asiye na uhai.

Elinah akaweka vidole viwili shingoni mwake mwenyewe. Du, du: sawasawa na pembe. Ulikuwa moyo wake.

"Mpe uji, mama, huenda ukamwamsha mtoto. Wewe, lalia ubavu wa kushoto."

Kisha akasubiri. Moyo haukemewi. Lakini kadiri alivyotulia na kuelekeza masikio mahali pamoja, ndivyo moyo wake ulivyopunguza mwendo, ukaacha nafasi kati ya pigo na pigo. Humo ndimo alimotafuta, kama mtu anayechungulia ng'ambo ya barabara malori yakipita. Akahamisha pembe. Kimya. Akahamisha tena.

"Sista, mbona husemi?"

"Ngoja, mwanangu."

Aanyu alikuwa ameushika mguu wa mkaza mwanawe kwa mikono miwili.

Ndipo ukaja: mdogo, wa mbali, wenye haraka, mapigo mawili kwa kila pigo moja la Elinah. Akashika kifundo cha mkono wa Akiteng. Wa mama ulikwenda mwendo mwingine. Akahesabu dakika nzima. Akahesabu tena.

"Yupo."

"Ni wake kweli?" Akiteng akauliza.

"Si wako, si wangu. Lakini leo hii mnakwenda hospitali Tororo, wamwangalie kwa mashine."

Akiteng alilia, akaomba kusikia. Sikio la mtu halifiki tumboni kwake mwenyewe. Elinah akarudi kwenye pembe, akakikunjua kiganja cha Akiteng, na kwa kidole kimoja akawa anamgongea kila alichosikia, mbiombio.

"Na mimi," akasema Aanyu, akinyoosha kiganja chake.