Nyota za Mtu Aliye Shambani

Juzi nilikuwa steshenari moja ya Mjimwema nasubiri kopi. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni, ungedhani duka linaelea. Kwenye benchi wanachuo wawili, msichana na mvulana, walikuwa wanajibu maswali kwenye simu. Mhadhiri wao ameweka mchezo: jibu sahihi ni nyota, na asiyefikisha nyota za kutosha anatolewa kwenye kundi.

Msichana akafuta namba yake ya usajili, akaingiza nyingine.

"Sasa unamjibia nani?" mvulana akauliza.

"Yule mwenzetu aliyetufundisha takwimu. Mama yake anaumwa, kwa hiyo yeye yuko Makete anamvunia viazi."

"Mhadhiri akijua?"

Msichana alifuta unyevu kwenye kioo cha simu kwa ncha ya kitenge, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. "Kwetu mwenye mgonjwa analimiwa kwanza. Wengine tunalima yetu baadaye."

Mvulana naye akafuta namba yake kwenye simu. "Nitajie hiyo namba."

Nilibeba kopi zangu nikaingia kwenye ukungu, nikimfikiria mhadhiri. Ataiona namba ile inaongoza, naye atajisifu kwamba nyota zake zinawatia vijana bidii. Mimi simwambii.