Papa Ignace na Injini Iliyokosa Moto

Papa Ignace aliamka amechoka, akapanda teksi kule Malvern amechoka, akafika gereji ya Jeppestown na uchovu wake uleule. Boti ilikuwa inamngoja juu ya trela.

Wiki mbili nyuma aliitengeneza boti hiyohiyo. Ilikuwa inachemsha, naye akafanya walivyofanya miaka yote kwao Kalemie, ziwani: akatoa thamostati, kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, akaitupa, akafunga. Huko maji ni ya uvuguvugu, injini haina neno. Lakini hapa kusini mwezi wa saba ni baridi kali, na maji ya bwawa la Vaal yanauma mifupa. Injini ikakosa moto, ikakohoa moshi, mwenye boti akairudisha na matusi.

"Papa Ignace," patron Révérien, mwenye gereji, alimwambia, "hapa si Kalemie. Hii ikirudi tena, na wewe utarudi kulinda geti Midrand."

Geti lile alilisimamia miaka sita. Magoti yake bado yanalijua.

Basi leo alikuwa na thamostati mpya na gasketi zake mbili za kuzuia maji yasivuje. Aliitia kwanza kwenye sufuria ya chai, juu ya jiko. Maji kabla hayajachemka, ikafungua mdomo. Vizuri. Akapanda kwenye boti, akakwangua gasketi kuukuu, akaweka mpya moja chini, nyingine juu, akakaza kifuniko. Akaunga mpira wa maji, akawasha. Mshale wa joto ukapanda, ukasimama mahali pake.

Halafu chini ya kifuniko likatoka tone. Na lingine.

Yasini, fundi mwenzake wa Tanga, alicheka. "Mzee wangu, paka silikoni uende zako! Tone tu hilo. Mwenyewe yuko njiani."

"Tone la hapa, kule Vaal ni ndoo."

"Haya, basi lala humohumo kwenye boti."

Ignace alikaa. Tyubu ya silikoni, ile gundi ya kuzibia, ilikuwa karibu na mguu wake, na mgongo ulimwambia achukue. Aliitazama kitambo. Kisha akazima injini, akaiacha ipoe, akafungua tena.

Alipitisha ukucha kwenye chuma. Kipande cha gasketi ya zamani kilikuwa kimeganda ukingoni, chembamba kama ganda la kitunguu. Macho yake hayakukiona. Akakikwangua. Gasketi mpya ya juu nayo ilikuwa imechanika. Akaweka karatasi ya gasketi juu ya chuma, akagonga ukingo polepole kwa nyundo ndogo mpaka umbo la gasketi nyingine likakatika. Yasini alimshikia karatasi, bila utani.

Mwenye boti alikuwa anapiga honi nje injini ilipofungwa na kuwashwa tena. Révérien akaja. Alisimama mpaka mshale ukatulia, akapitisha kidole chini ya kifuniko, akakitazama. Kikavu.

"Eish," akasema. "Kesho inakuja boti ingine. Saa moja uwe hapa."

"Ndiyo, patron."

Ignace alitaka kufurahi, ila nguvu ya kufurahi hakuiona.

"Yasini, mwanangu," akasema, "nipe mkono nishuke."