Nilivyowavua Viatu Waswidi Makumbushoni

Nikikumbuka siku ile bado nafunika uso kwa mto, lakini nyie ni wangu, basi chekeni tu. Jumba moja la makumbusho hapa Stockholm lilikuwa linatafuta mtu wa kutembeza wageni kwa Kiswahili, nikaambiwa nilete watu wangu Jumamosi nijaribiwe, nikifaulu kazi ni yangu (na mgongo wangu ulikuwa umeshachoka kubeba maboksi ghalani Jordbro). Nikakusanya wenzangu wa kanisani Hallunda, pamoja na Hajati Zaituni, jirani yangu Mganda.

Maonyesho yalikuwa ya sanaa za zama za kati, misalaba, misahafu, taa za misikiti, na nilikuwa nimejisomea yote nyumbani isipokuwa chumba cha mwisho, kilichofunguliwa wiki ile ile. Tukafika mlangoni: matao ya duara, kuta za plasta iliyochongwa kama lesi, na maandishi juu kabisa. Kibao cha maelezo kilikuwa kirefu, watu wananitazama, nikaona aibu kusimama kusoma.

"Ndugu zangu," nikatangaza, "huu ni mfano wa msikiti wa Uhispania. Tuvue viatu kwa heshima."

Wakavua, buti za theluji zikapangwa mlangoni, na Waswidi waliokuja nyuma yetu (mnawajua, hata nyumbani kwao hawaingii na viatu) wakaziona zile buti, hawakuuliza, wakavua nao, foleni ikafika ngazini, babu mmoja kakaa sakafuni anapigana na kamba, na mimi ndani naonyesha alipokuwa anasimama imamu!

Akaja mkuu wa makumbusho, mama mpole, peke yake mwenye viatu. Akaniuliza kwa Kiswidi, "Samahani, mbona watu wote wako na soksi kwenye sinagogi?"

Sinagogi! Kumbe mafundi wa huko Uhispania waliwajengea Waislamu, Wayahudi na Wakristo kwa mtindo ule ule, na kibao kilieleza hayo yote. Nikamgeukia Hajati.

"Ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Hayo maandishi si Kiarabu. Ila ulikuwa unaongea vizuri mno, nikaona nisikukatize."

Nilipomtafsiria mkuu, alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akamuuliza Hajati kama Jumamosi huwa ana nafasi.

Mimi Jumatatu nikarudi ghalani, na siku hizi hata kopo la maharage silifungui kabla sijasoma maandishi yake yote.